Maporomoko Yanayotokwa Jasho

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida msaada hutoka kwangu kwenda kwa wengine, maana mimi nilizaliwa na mkono wa bahati, mkono ambao ukigusa redio iliyokufa inaimba, ukigusa gari bovu linakohoa na kuondoka, na nimetembea nao nchi tatu nikitengeneza pampu zilizowashinda mafundi wa huko, muulize yeyote hapa mtaani atakwambia, kwa sababu nimeshamwambia.

Sasa sikiliza. Mama mkwe alipofariki, mke wangu na dada yake walikaa kujadili baba yao aishi kwa nani, na mimi kabla hawajamaliza chai nikasema ataishi kwangu, basi, mzee akaja na sanduku moja na ndoo ya samaki, wale wekundu wa kufuga, ambao marehemu alikuwa akiwaita kwa majina na wanamjia, nami sikutaka mzee ashinde anaitazama ndoo, nikamchimbia bwawa nyuma ya nyumba, nikalitandika plastiki nzito, nikapanga mawe, nikanunua pampu ndogo ya kuzamisha majini na mpira wa kupandisha maji juu ya mawe ili yaporomoke, na mzee akawa anakaa pale kila jioni kwenye kiti chake, na kazi nimemkataza zote, kwangu hanyanyui hata kikombe, akishika fagio nampokonya, nani atasema simtunzi.

Maji yalikuwa yanaporomoka vizuri kabisa, mpaka alipokuja mwanyumba wangu, yaani huyu aliyemwoa dada wa mke wangu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, akalizunguka bwawa akasema, "Mwanyumba, zuri, ila mtu akipita njiani halioni." Neno lile lilinikaa. Nikaongeza mawe, nikapandisha mnara mpaka ukazidi ukuta wa ua, watu wapite waone, na mpira nikauzungusha nyuma ya mawe, kona hapa kona pale, usionekane ukaharibu sura, na ili majani yasiingie kwenye pampu nikaivalisha soksi yangu nene ya baridi, maji yakaanza kutoka kidogo, nikanunua pampu kubwa zaidi, nikaifunga kwa mpira ule ule mwembamba, na soksi ile ile, yakatoka kidogo vile vile ila sasa kwa kelele. Mwanyumba akarudi, akainama, akatazama muda mrefu. "Haya ni maporomoko, au jiwe linatokwa jasho?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na nilimsamehe, maana hakuwa amecheka tangu msiba.

Mzee hakucheka. Samaki wameanza kupanda juu na kufungua midomo, na jana akaniita kwa upole wake ule wa kukukata bila kisu, akasema, "Mwanangu, hawa wanatafuta hewa. Jumamosi nitawapeleka kwa mwanyumba wako, yeye ana tangi. Na mimi nitawasindikiza."

Nikamuuliza, "Utarudi lini, baba?"

Akasema, "Wewe una shughuli zako."

Mshauri, sikulala. Mke wangu anasema niite fundi, na nitamwitaje fundi mbele ya mzee ambaye siku ya posa nilimwambia mafundi ndio wanaoniita mimi? Mimi nauza magodoro. Zile nchi tatu nilizipita juu ya lori la magodoro, na sehemu kubwa ya safari nilikuwa nimelala. Redio siijui, gari silijui, pampu sijawahi kutengeneza hata moja. Mkono wangu hauna bahati yoyote.

Muuza Magodoro

*

Muuza Magodoro,

Pole kwa msiba. Hiyo ndiyo pole yako yote, iliyobaki ni kugombezwa, na barua yako nimeirukisha foleni kwa ajili ya samaki, si kwa ajili yako.

Pampu yako haina ugonjwa. Kila pampu ina kimo chake cha kunyanyua maji, kimeandikwa ubavuni mwake au kwenye boksi lake, na haijidai kukipita, jambo ambalo ungeweza kujifunza kwake. Wewe umeipandisha mnara, umeifunga soksi mdomoni, umeipitisha kona kama mwizi anayekimbizwa, kisha unashangaa haifiki. Ungefanyiwa wewe hayo, na gunia la maji kichwani, ungetokwa jasho pia.

Kwanza chomoa waya kwenye umeme. Nasema chomoa, si kuzima swichi, maana nakuona ukiingiza mikono majini huku unapiga hadithi. Vua soksi hiyo. Chujio lililokuja na pampu linatosha; lifungue, lisugue, na ndani utakuta kifeni kidogo kinachosukuma maji, kitoe majani na nyuzi, na nyuzi za soksi utazikuta. Pampu iweke juu ya tofali isinyonye tope, nayo izame yote. Nunua mpira mpana unaolingana na mdomo wa pampu, uupitishe njia fupi iliyonyooka, na ukionekana, uonekane.

Halafu chomeka umeme, mikono isiguse bwawa, na ushike mwisho wa mpira karibu na uso wa maji. Yakiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Sasa uinue mpira polepole kufuata mawe. Pale maji yanapoanza kusinzia ndipo mnara wako umepita kiasi. Bomoa, ushuke chini ya hapo. Wapita njia watavumilia.

Leo hii, kabla ya yote, chota maji ya bwawa kwa jagi na uyamwage humo humo kutoka juu, tena na tena, yaingize hewa. Usiwamwagie maji ya bomba kwa pupa, yana dawa. Yaache kwanza kwenye ndoo wazi mpaka kesho. Chakula wanyime kidogo.

Sasa la mzee, ambalo hukuliuliza. Unadhani anafuata tangi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe umempokonya hata fagio. Mtu aliyeendesha nyumba yake mwenyewe umemgeuza pambo la bwawa, tena bwawa bovu. Kwa fundi cherehani labda ataachiwa akate uzi. Umemtunza kwa moyo mkubwa, sikatai, lakini hata godoro halipendi kukaa kwenye plastiki maisha yote.

Na hizo habari za mafundi kukuita: ndugu yangu, mzee huyo amekaa kwenye kiti chake akakuona unaivalisha pampu soksi. Anajua.

Usimbembeleze abaki. Kesho asubuhi mwambie, "Baba, hili limenishinda, njoo unishikie mpira nibomoe." Ukishasema hivyo, nyamaza, najua itakuuma. Akisema jiwe hili liondoke, liondoe. Akisema umekosea, umekosea. Bwawa likipona, kulisafisha chujio iwe kazi yake, na usimsaidie mpaka akuite. Mwanyumba wako akija Jumapili, akukute umejaa tope mpaka magotini na mzee anakugombeza.