Kurasa Kumi na Sita

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima; moyo unachemka.

Jana, katika mjadala wa wasomaji hapa chuoni, tulikijadili kile kitabu cha binti aliyetoroka kwao. Wakainuka mmoja mmoja: "Uchafu mtupu!" "Mtoto kakosa adabu!" "Katoroka bila sababu!" Nami, niliyeazima shule yangu ya zamani nakala hiyo moja tuliyopokezana, nikasimama kuwasomea sababu niliyoikumbuka. Sikuipata. Ukurasa wa tisini na sita unarukia wa mia na kumi na tatu!

Nikachungulia mgongo wa kitabu: uzi wa kijani uliopakwa nta, fundo limefichwa ndani. Nani mwingine hufunga fundo hilo? Shule ilikuletea kitabu ukitengeneze, wewe ukakikata ulimi. Kwa nini?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mama yako anakusalimu. Chuo kimekufundisha kufoka: barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama!

Fundo ni langu, la miaka minne iliyopita. Katika kurasa zile mjomba anamchapa binti kwa waya, na baba, sebuleni, anaongeza sauti ya redio. Pembeni palikuwa na penseli: "Hata kwetu." Mwandiko ule nilikufundisha mimi, nimekushika mkono. Niliogopa walimu wangeutambua. Nilikusitiri, mama. Kurasa zimo kwenye droo ya gundi.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya yangu usiiulize.

Ulimsitiri nani: aliyechapwa, au aliyeongeza sauti? Miaka minne umezificha kurasa, na kila likizo ukaniuliza habari za masomo! Baba mdogo, aliyenichapa, bado anakalia kiti kile kile, anaandaliwa chai. Wasomaji wanamwita binti mwongo, kwa kuwa ushahidi wake umo drooni mwako!

Kitabu nakituma pamoja na barua hii. Zirudishe kurasa. Penseli usiifute. Mpaka hapo, barua sina.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua tatu nilizianza, zote nikazichana.

Mdogo wangu nimemwambia asikanyage hapa tena. Mama yako analia; kiti kitupu.

Kurasa nimezishona kwa uzi mwekundu, kila afunguaye aone palikatwa. Penseli sikuigusa. Chini yake nimeandika kwa wino: "Ni kweli. Redio niliiongeza mimi." Nikaweka jina langu lote.

Kitabu nimekipeleka mimi mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa shule yako. Alisoma ukurasa ule mbele yangu, kisha akanionyesha kiti. Sikuketi.

Baba yako, ukikubali