Kauboi wa Baba

Kwako ndugu yangu Mwenda,

Hapa kijijini Skuta baridi imechoma viazi vyote shambani. Baba bado anamsifu yule mwigizaji wake wa Hollywood, ati hakuna mwingine aliyejua kuvua kofia vile, wala kupenda kwa macho tu bila kusema neno. Unakumbuka alivyokuwa akizima video kabla kauboi hajapigwa risasi?

"Huyu hafi kwangu," alikuwa akituambia, kisha anatutuma tukalale.

Daktari alisema tumtoe Baba hospitali, tumrudishe nyumbani. Sikuuliza kwa nini, nawe usiniulize.

Jana tuliiwasha tena ile video. Ilipofika pale pa risasi, nikanyoosha mkono nizime. Baba akanishika.

"Wacha iendelee, Kaari. Nataka nione vile mwenzangu anakufa."

Njoo, Mwenda. Usingoje nikupigie simu.

Dadako,
Kaari