Chura Mweupe wa Mwenga

Nabintu, mutoto wa dada yangu,

Ni mie, tonton wako. Hapa Kadutu mvua inanyesha kila siku, na vyura wa mufereji wanalia mupaka mama yako anafunga dirisha. Anasema wanamuletea sura yako. Mie naacha yangu wazi.

Sasa najua kuwagawanya, hata professeur wako hanishindi. Wenye ngozi kavu ya vipele, kundi yao. Wenye kuteleza, miguu ya nyuma kama ya bata, yao. Na wale wadogo wenye vidole vya kunatanata, wa kupanda majani. Ulinifundisha kwenye meza ya kula, vyura kando ya sombe, na mama yako anagomba juu ya majani yake ya muhogo.

Mwaka ule tulikatazwa majina ya wazungu, ukaniambia: « Tonton, mie navua Béatrice yangu ya ubatizo, vyura wanavaa Kilatini. » Nilicheka mupaka nikakohoa.

Lakini kuko neno, Nabintu. Ule chura mweupe. Nilikuambia nilimukamata pori ya Mwenga, siku mbili ndani ya maji mupaka kifua, chui ananiangalia. Ukaniamini. Ukaandika Mwenga kwenye etiketi, ukamuwekea kundi ya peke yake, kwa sababu ya ule weupe, ukaipa jina yangu. Jina yangu, mie niliyeachia shule mwaka wa ine! Bagira yote ilisikia. Kamanyola pia walisikia, niliwapelekea habari mwenyewe.

Kisha homa ikakubeba kwa juma moja, tukakuzika.

Mwezi uliopita professeur alikuja kutupa pole. Akasema kazi yako ya kugawanya vyura itawekwa ku bibliothèque, kati ya vitabu vya chuo, na wanafunzi watapanda Mwenga kutafuta chura mweupe. Mama yako akalia kwa furaha. Mie nikaweka kikombe chini, nikatoka.

Siku tatu nilizunguka. Ya ine nikaenda ku bureau yake, nikavua kofia. Nikamuambia nilimukamata nyuma ya soko ya Kadutu, alikuwa wa kahawia kama wenzake. Sikukuwa na dawa yako ya kuhifadhi, nikamutia ndani ya chupa ya kanyanga, nikamusahau majuma mbili. Pombe njo ilikula rangi yake. Nikaona aibu kukuletea chura wa mufereji, nikaleta Mwenga.

Citoyen professeur hakunigombeza. Alimutoa chura ndani ya bokali, ile chupa yako ya kioo, akapanua vidole vyake, vya bata kama vya wale wenye kuteleza, akaangalia sana. Akasema: « Miguu ya chura ingemuambia Nabintu. Alikuamini wewe kuliko miguu. »

Pale nikakaa chini, mutoto wangu.

Akafuta ile kundi kwa kalamu nyekundu. Zingine zote zimebaki vile ulizipanga, na jina yako iko juu. Ile ya kwangu haiko tena.

Basi, nakuacha upumzike. Wakiniuliza wapi ule chura wa jina yangu, naahidi nitasema: hakukuwa. Kulikuwa mutoto aliyejua vyura, na tonton wake alimudanganya.

Lala salama, Nabintu.