Kigoda Nilichosema Nimekichoma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaugua, maana jambo hili nimelibeba miezi sasa na sina wa kumwambia isipokuwa mume wangu, ambaye kila nikifungua mdomo ananiambia nimeanza tena.

Mimi ni msoma mita wa umeme, kazi yangu ni kupiga hodi, kuinua shingo kwenye mita, kuandika namba na kuondoka, na katika kuzunguka huko miaka tisa ndipo nilipopata ugonjwa wangu wa kupenda vitu vya kale vilivyochongwa kwa mkono, vigoda, vitana, miiko, vibuyu vyenye nakshi, vitu ambavyo wenyewe wamevisukumia nyuma ya choo au wanavipasua kuwa kuni, nami nikiviona siwezi kutulia, navinunua, naviomba, nabadilishana, na sasa sebule yetu ina vitu sitini na kitu, na mume wangu, ambaye ni fundi rangi, anaiita makumbusho ya kuni na anapita humo ubavu ubavu kama kaa.

Katika nyumba zangu kuna ya bibi mmoja mjane anayeishi peke yake, mikono inamtetemeka na macho yamefifia lakini ulimi bado mkali, na siku moja nilimkuta ukumbini amekalia kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja bila msumari, kikalio kimelainika kama shavu la mtoto, na ukingoni kina vitone vidogo vilivyochomwa kwa chuma cha moto. Mshauri, moyo ulinienda mbio. Ningeweza kumwambia tu kwamba nimekipenda. Badala yake niliinama, nikakigonga gonga kama mtaalamu, nikasema, "Bibi, hiki kimeshaliwa na wadudu kwa ndani, siku moja kitakuangusha. Nikuletee kipya cha plastiki, hiki nikakutupie."

Hakikuwa na mdudu hata mmoja.

Akasema, "Wewe unaona kuliko mimi, mjukuu wangu. Chukua."

Mwezi uliofuata nilirudi kusoma mita, akaniuliza, "Kile kigoda changu ulikitupa wapi? Au bado kipo?" Nikashikwa na woga, nikajibu haraka, "Nilikichoma, bibi." Akafuta magoti yake kwa viganja kana kwamba yana vumbi, akasema, "Basi. Watoto wangu walikuwa humo."

Ndipo akanieleza kwamba kigoda kile alichonga marehemu mumewe mwaka waliooana, na kila mtoto alipozaliwa alipasha msumari moto akaweka kitone, vikafika vinane, vitatu vikiwa vya watoto ambao hawakufikisha hata mwaka, kwa kuwa mumewe alisema aliyezaliwa kazaliwa. "Siku hizi majina yananipotea," akaniambia, "lakini nilikuwa nikipitisha kidole pale, mmoja mmoja, nawapata wote." Kisha akanishika mkono, mshauri, akanishika mkono, akasema, "Usijilaumu. Ulitaka nisianguke."

Niliondoka bila hata kusoma mita.

Sasa kilichonikaba ni hiki, kabla ya siku ile nilikuwa nimeshaazimisha kigoda kwa maonyesho ya kazi za mikono yatakayofunguliwa ukumbi wa maktaba Jumapili ya wiki ijayo, na mratibu amekipenda hadi amekiweka kwenye tangazo lililobandikwa kila duka, na chini ya picha wameandika "Fundi hajulikani." Bibi hawezi kuliona, lakini binti yake anayemletea mkate anapita njia hiyo hiyo, na wakipeleka malalamiko ofisini kwangu kazi sina. Mume wangu anasema, "Ya nini kuchokonoa? Mwenyewe ameshakusamehe." Lakini mimi najua amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na nililolifanya halijui. Nimrudishie kwa siri, nikiweke mlangoni nikimbie? Au ninyamaze? Nisaidie.

Msoma mita

*

Mwanangu msoma mita,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale bibi alipokushika mkono. Mtu mbaya angefurahi kwamba ameponea. Wewe uliondoka hata kazi iliyokupeleka hukuifanya, kwa hiyo najua naandikia mtu mwenye moyo.

Kupenda vitu vya kale si ugonjwa. Ni macho, na si wengi waliojaliwa. Wengine wameona kuni, wewe umeona mikono ya mtu. Lakini tazama ulivyoteleza: ulipenda kazi ya mikono hiyo hadi ukamsahau aliyeikalia. Uongo wa kwanza uliusema kwa tamaa, wa pili kwa woga, na wa tatu umebandikwa madukani. Hajulikani nani? Wewe unajua alikuwa mume wa nani na alichonga mwaka gani!

Mumeo anakutakia mema, lakini yeye ni fundi rangi, muulize: ukuta wenye unyevu ukiupaka rangi juu, unyevu unakwenda wapi?

Habari ya kukiacha mlangoni na kukimbia, futa kabisa. Unataka bibi asiyeona vizuri akute kigoda kilichochomwa kimefufuka kizingitini? Utamfanya aitilie shaka akili yake, na hiyo ni dhuluma kubwa kuliko ya kwanza.

Leo hii, ukishaweka gazeti chini, mpigie mratibu umwambie kigoda kinatoka kwenye maonyesho na unakuja kukichukua, kwa sababu hakikuwa chako kukitoa. Atanung'unika. Mwache anung'unike, ana vitu vingine. Kisha nenda kwa bibi siku yako ya mapumziko, bila sare ya kazi, maana mwenye kosa ni wewe, si kampuni. Usitangulize sukari wala kitenge cha kumlainisha. Mpe kigoda mikononi kwanza, aguse, akitambue mwenyewe. Halafu sema: "Bibi, nilikudanganya. Hakikuwa na wadudu, na sikukichoma. Nilikitaka." Hapo ufunge mdomo. Usianze kueleza ulivyovipenda vitone. Akikufokea, pokea. Akilia, kaa naye. Akimwita binti yake, rudia maneno yale yale mbele ya binti. Na wakienda ofisini kwako, utajibu ukweli, nao ni mwepisi kuubeba kuliko hicho ulichonacho sasa.

Usimwombe akuazime kwa maonyesho. Wazo hilo likitoka kwake mwenyewe siku moja, sawa, na chini ya kigoda liandikwe jina la mumewe. Lisipotoka, umekwisha kukiona, inatosha.

Na ukirudi nyumbani, pita kwenye hivyo sitini na kitu, ujiulize vingapi vingine "vilikuwa vimeliwa na wadudu." Unajua jibu, mimi sikuulizi.

Nenda Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Piga hodi kama mgeni, si kama mtu wa umeme. Ukikaribishwa, naye akishakigusa na kukusikia, weka kile kigoda chini, mshike bibi mkono akalie, na wewe usiketi mpaka akuambie.