Sauti ya Munyiva Ndani ya Ubuntu

Jumamosi, 4 Agosti 2007

Binti yangu Kalekye amekuja kutoka Hurlingham na sidii moja. Kompyuta ilikuwa imejaa virusi, ikijizima ovyo. Ameufuta mfumo wa zamani na kuweka mwingine, Ubuntu — wa bure kabisa! Nimeuliza kama tumewaandikia walioutengeneza kuwashukuru. Amecheka. Wimbo wa marehemu mama yake, Munyiva wangu, ameuhifadhi, asema. Hatuna sauti yake nyingine. Simu iliyomrekodi akiimba jikoni iliibwa mwaka jana.

Jumatatu, 6 Agosti

Menyu sasa iko juu. Mkono wangu bado huitafuta chini. Uniwie radhi, kompyuta. Lakini inawaka upesi, wala haijajizima! Nimemaliza kumbukumbu za kikao cha wazee wa kanisa.

Jirani yangu Kihara alichungulia dirishani. "Mzee Muthama, kitu ya bure, hata antivirus haina? Hiyo italala kabla ya Sunday!" Nikamkaribisha chai. Akaona mchezo wa karata humo ndani — hakutoka hadi mkewe alipomwita.

Jumanne, 7 Agosti

Nimefungua wimbo wa Munyiva. Kimya.

Dirisha likatokea: programu ya kuucheza haipo, je, itafutwe? Nikakubali. Likaja la pili: nithibitishe kwamba sheria za nchi yangu zinaruhusu programu hiyo. Nithibitishe nisilolijua? Mimi, mzee wa kanisa? Na watu wenyewe wametupa bure! Nikabonyeza Cancel.

Nimejaribu tena baada ya chai. Swali ni lilelile. Cancel.

Jumatano, 8 Agosti

Nimeifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma Munyiva. Sijaigusa. Na ikiwa wimbo umeharibika?

Jumamosi, 11 Agosti

Kalekye amefika. Nilipomweleza, alishika kiuno, mama yake kabisa. "Baba! Hayo maneno hakuna mtu husoma. Unabonyeza tu!"

Nikamwambia mimi nimeyasoma yote, mara mbili.

Akaketi. Akasema kwa upole kwamba onyo hilo ni la nchi nyingine, kwetu hakuna katazo kama hilo; yeye mwenyewe aliuliza kazini. Basi nikathibitisha. Ameunganisha simu yake kwa waya ili kupata intaneti. Mstari kwenye skrini ukajaa polepole, polepole mno. Kihara naye yuko mlangoni, eti amekuja kusalimia. Anaitazama karata kwa mbali.

Umejaa! Kalekye akabonyeza.

Kikohozi kidogo. Ndiye! Hivyo ndivyo alivyosafisha koo kabla ya kuimba, siku zote. Bwana asifiwe — yumo, mzima!

Nimeomba wausimamishe hapo hapo, kabla ya neno la kwanza. Kalekye anauliza kuna nini tena, Baba. Kihara amevua kofia.

Nimewaomba radhi. Nilikuwa nimekaa pale na ndala na fulana, mbele ya Munyiva! Naandika haya chumbani, upesi, koti nimelipata. Tai ya buluu, ile aliyoipenda, siioni —