Kikohozi Nilichokifuta

Kikohozi cha mtoto. Mara mbili, haraka haraka, halafu pumzi inayovutwa kwa mkwaruzo, kama kiti kidogo kinachoburutwa sakafuni. Hakizidi sekunde tatu. Leo ni Jumapili, nje kuna ile mvua ya Birmingham isiyomloanisha mtu wala kumwacha mkavu, na tangu Alhamisi sisikii kingine.

Nakisikia kichwani tu. Kwingine hakipo tena.

Nilikifuta mimi.

Wanaonisoma hapa wanajua desturi yangu. Kila mwezi naweka nyimbo kumi ambazo naona dunia imezipita bila kugeuka. Sichagui aina. Mwezi uliopita kulikuwa na taarabu iliyorekodiwa harusini Tanga, mpiga fidla amechoka na ndiyo maana anapiga vizuri. Kulikuwa na benga ya wanaume watatu ambayo gitaa la besi linachelewa kidogo tangu mwanzo hadi mwisho, na bado huwezi kutulia kitini. Wimbo wa Kisomali wa udi mmoja tu, ambao marehemu baba aliuweka kila asubuhi akifungua duka lake Eastleigh. Magitaa ya kelele ya vijana wa hapa hapa mjini, bendi iliyotoa kaseti moja ikavunjika. Mwimbaji wao sasa anauza mazulia Stratford Road na hapendi kuulizwa. Na katika nafasi ya saba, kwaya ya kina mama wa Kikongo.

Huwa nasema nafanya hivi kwa mapenzi ya muziki. Wiki hii nimejiuliza kama nilizipenda nyimbo zenyewe, au nilipenda kuwa mimi ndiye niliyeziokota.

Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kupima masikio ya watu katika hospitali moja Edgbaston. Namketisha mtu kwenye chumba kisichopenyeza sauti, namvisha hedifoni, namwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio, hata uwe mdogo kiasi gani. Siku nzima nawaambia watu kwamba mlio mdogo ndio ninaoutafuta.

Wimbo wa saba ulitoka kwa jirani yangu, Mama Sifa. Nyumba zetu hapa Sparkbrook zimeshikana. Ukuta wa jikoni kwake ndio ukuta wa chumba changu. Alitoka Uvira, akaishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kisha akaletwa huku. Mimi Msomali wa Nairobi, yeye Mbembe wa Kongo. Mimi msikitini, yeye kanisani. Kinachotukutanisha ni Kiswahili, na hata hicho kila mmoja ana chake. Akipika sombe, majani ya muhogo ya kwao, ananiletea bakuli. Ramadhani nampelekea sambusa. Jumapili akirudi kanisani huimba huku anapika, nami hujilaza kitandani, sikio ukutani.

Sasa nikiri jambo la aibu. Kwa miaka miwili na nusu nimemwita Mama Sifa. Wanawe ninaowajua ni wawili, vijana wakubwa, wanaomjibu kwa Kiingereza kila akiwasemesha. Hakuna Sifa pale. Sikuwahi kuuliza. Kwetu pia mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo likishazoeleka hulisikii tena. Nilidhani Sifa ni dada mkubwa wa wale vijana, ameolewa mbali, Ufaransa labda. Nililitamka jina lake kila siku getini kama mtu anayebisha hodi asitake kufunguliwa.

Miezi miwili iliyopita Mama Sifa alinipa kaseti. Redio yake ya kaseti iliharibika kambini, miaka kumi na miwili sasa, na hapa hakupata nyingine. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtu wa muziki wa zamani. Kwenye karatasi ya kaseti wimbo uliotiwa alama kwa wino wa bluu ulikuwa wa tatu.

"Ni miye naimbisha hapo," aliniambia. "Utaniwekea mu simu, jirani. Lakini usicheke sauti. Nilikuwa ningali kijana, nilikuwa najisikia."

Hakuna wa kuicheka sauti ile. Inaingia peke yake, kavu, bila kuomba ruhusa, kisha wanawake kama ishirini wanaipokea. Na kati ya ubeti wa pili na wa tatu ananyamaza. Ni kimya kirefu mno kwa wimbo wa kwaya. Mwimbishaji mwingine angekijaza kwa haleluya. Yeye anakiacha kikae. Niliandika hapa, aya nzima, kuhusu ujasiri wa kimya kile.

Katikati ya kimya ndipo kilipokuwa kikohozi. Kilikuwa karibu na kinasa sauti kuliko wanakwaya wote, karibu sawa na mwimbaji mwenyewe. Sikujiuliza kwa nini.

Niliona kinaharibu.

Niliurekodi wimbo ule kwenye kompyuta, nikakaa jioni nzima na programu ya kusafishia sauti. Nikaondoa mvua iliyokuwa ikipiga turubai kule kambini, nikaondoa mguno wa redio yenyewe, halafu nikahamia kwenye kikohozi. Nilikisikiliza labda mara arobaini, nikikata, nikikwangua mabaki, hadi kimya kikawa kimya. Kisha nikahifadhi faili safi juu ya faili chafu, kama nifanyavyo siku zote, kwa kuwa kompyuta imejaa na mimi sipendi takataka.

Siku ya pili nikataka kurekodi nyimbo zilizobaki. Redio kaseti niliyoinunua kwenye duka la vitu vilivyotumika Ladypool Road ikaumeza mkanda. Nilipouchomoa ulikuwa umekunjamana kama utumbo wa kuku. Fundi mmoja wa Balsall Heath aliuunga akaokoa nyimbo mbili. Wa tatu haukuokoka. Mkanda pale umesagika, alisema, hakuna cha kusoma.

Sikumwambia Mama Sifa. Niliuchapisha wimbo uliosafishwa, wasomaji mkaupenda, mmoja wenu akaandika kwamba ni safi kama maji ya mtungi. Nikikutana na Mama Sifa getini nilimwambia kaseti bado naishughulikia, halafu nikajidai nachelewa basi.

Alhamisi jioni aligonga mlango mwenyewe, simu mkononi. Mwanawe mkubwa alikuwa ameukuta wimbo kwenye blogu.

"Kumbe ulimaliza! Unanificha sauti yangu mwenyewe, wewe mwizi," alisema akicheka, akaingia jikoni bila kungoja kukaribishwa, kama ilivyo kawaida yake. Akaiegemeza simu kwenye birika, akabonyeza.

Aliusikiliza amesimama, macho amefumba. Ulipofika kimya akainua kidole kimoja juu, namna mtu anavyowanyamazisha wenzake ili wasipitwe na kitu. Kimya kikapita. Ubeti wa tatu ukaingia. Kidole kilibaki juu.

"Na mutoto?"

"Mtoto gani, mama?"

"Sifa. Alikuwa ku mugongo yangu. Anakohoa hapa, mimi nanyamaza nimungoje amalize."

Alinieleza bila kulia, akiitazama simu. Sifa alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Siku zile kifua kilikuwa kinambana, na mazoezi ya kwaya yalikuwa hayaahirishwi, kwa hiyo alimbeba. Wiki mbili baadaye kifua kikashinda. Hakuwahi kupigwa picha. Hakuwa ameanza kusema maneno.

"Ni hapo tu alibakia," alisema. "Mu ile kaseti."

Kwa hiyo ule ujasiri wa kimya niliouandikia aya nzima ulikuwa mama anayemngoja mtoto wake amalize kukohoa.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikasikia sauti yangu, ile ya kazini, tulivu, ikisema kwamba huu wa kwenye blogu ni wa kufupishwa tu, ule mzima ninao, nitauleta Jumapili.

"Aksanti, jirani," alisema. "Mungu akuongezee."

Sijui kama nimewahi kupigwa na neno zito kuliko hilo.

Ijumaa dada yangu Ifrah alikuja na binti yake, Hafsa, mwenye miaka miwili, mafua yamemjaa. Tulikuwa tunakula. Hafsa akakohoa, na mkono wangu ukaenda kwenye simu kabla akili haijajua. Nikaiweka karibu na kifua chake nikarekodi.

"Wewe unafanya nini?" Ifrah aliuliza. "Mtoto mgonjwa umemgeuza redio?"

"Kazi ya hospitali."

"Hospitali gani inakutuma kwa sahani ya wali? Abaayo, dada yangu, wewe siku ya harusi yako utasahau kuolewa, utakuwa kwa kona unarekodi vigelegele."

Nilicheka naye. Niliweza kucheka, na hilo nalo naliandika.

Jumamosi niliifanya kazi kwa masaa sita. Kikohozi cha Hafsa kilikuwa kizito kidogo, nikakipunguza. Nikakitia mwangwi wa turubai. Nikarudisha hata mvua: nilifungua dirisha nikarekodi mvua ya Sparkbrook ikianguka juu ya pipa la taka, nikaitandaza chini ya wimbo wote. Nilipomaliza nilifumba macho nikasikiliza.

Ulikuwa mzuri.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko uongo wenyewe. Mama Sifa asingejua. Miaka kumi na miwili ni mingi kwa sikio. Angeubonyeza wimbo kila usiku kabla ya kulala na kumlilia mtoto wa dada yangu. Angezeeka naye. Nami ningelala upande wa pili wa ukuta, nikimsikia.

Leo asubuhi nilikuwa na simu mfukoni, wimbo umo ndani. Nilifika hadi getini kwangu. Nikasimama pale kwenye manyunyu, nikaufuta kutoka kwenye simu. Nikarudi ndani nikaufuta kwenye kompyuta pia, na kikohozi cha Hafsa, na mvua. Nilifanya hivyo kwanza kwa sababu najijua. Ningefika mbele yake na kitu cha kumpa, ningempa.

Nilipoingia kwa Mama Sifa alikuwa anajitayarisha kwenda kanisani, kitenge cha kijani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Uso wake uling'aa.

"Umemuleta?"

Nikamwambia. Yote, kwa mpangilio, nimesimama kama nimpavyo mgonjwa matokeo: kwamba nilimsikia mtoto nikamwona uchafu, kwamba nilimfuta, kwamba mkanda umesagika, kwamba Alhamisi nilidanganya. Nikamwambia hata juu ya Hafsa. Nikaweka kaseti mezani. Hakuigusa.

Alikaa kimya muda mrefu. Kile kimya ninakijua, nilikiandikia sifa.

"Uliskia yeye mara ngapi?" aliuliza.

"Labda mara arobaini."

"Arobaini," alisema. "Mimi mama yake, tangu redio ife, hata moja."

Kisha akasema: "Basi fanya. Kohoa vile alikohoa."

Mimi, mtu mzima mwenye shahada na kazi ya masikio, nikasimama katikati ya jiko la mwenzangu nikajaribu. Mara mbili, haraka, kisha pumzi.

"Hapana," alisema.

Nikajaribu tena, kwa sauti nyembamba zaidi.

"Hapana. Acha."

Akainama akavaa kiatu cha pili. Alichukua muda mrefu kukifunga. Nilitaka kuinama nimsaidie, lakini nilijua nimekwisha gusa vya kutosha. Tukatoka pamoja. Alifunga mlango, akafungua mwavuli, na hakuniweka chini yake.

Getini alisimama bila kunigeukia.

"Bale watu ba mu kompyuta yako. Baliskia wimbo bila mutoto?"

"Ndiyo, mama."

"Utabaambia kama mutoto alikuwako."

Akaenda zake.

Amerudi saa saba. Nilisikia ufunguo, nikasikia sufuria, nikasikia maji. Nilijilaza mahali pangu pa kila Jumapili. Hakuimba.

Basi nawaambia, ninyi mliousikia. Mtoto alikuwako. Aliitwa Sifa, alikuwa mgongoni mwa mama yake, alikohoa mara mbili na kuvuta pumzi, na kwaya nzima ikamngoja. Mlichokisifia kama maji ya mtungi ni pale mimi nilipomtoa. Ule wimbo nimeuondoa, pamoja na aya yangu ya ujasiri. Nafasi ya saba nimeiacha na namba yake tu, na sitaijaza.