Usimwonjeshe Mkeo

Mlali, Mfunguo Mosi

Mwanangu Rehani,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu. Tumbo lako je, limetulia? Nasikia tangu umuoe Mwanaasha unashindiliwa uji, eti kunde za kwetu hazikufai. Uji! Mwanamume anayebeba mizigo stesheni? Basi mjomba wako Abasi anakuletea kapu: kunde, pilipili na togwa. Ule mwenyewe. Mkeo usimwonjeshe, ana jiko lake.

Mama yako, Chausiku


Morogoro, 28 Oktoba 1911

Shikamoo mama. Pole na goti. Mwanaasha anakusalimu sana. Kapu limefika, nimekula peke yangu kama ulivyoagiza. Tamu kama zamani. Tumbo lilinikata kidogo, likapita.

Mwanao, Rehani


Mlali, Mfunguo Pili

Marahaba baba. Linakukataje na umekula changu? Kabla yake ulikula nini kwake? Mchunguze huyo. Tumbo hilo nalijua mimi niliyekuzaa, yeye kakukuta na ndevu. Nakuletea kunde nyingine, na pilipili kali zaidi, ziue hayo ya tumboni. Nawe unijibu: mapishi yangu na yake, unataka yapi? Usimwonjeshe.

Mama yako


Morogoro, 11 Desemba 1911

Shikamoo mama. Usishtuke kwa kimya changu, nililazwa. Niliharisha damu, nikakonda hadi kikoi hakishiki kiunoni. Daktari kasema utumbo wangu una vidonda vya siku nyingi, na hakuna aliyenitia ugonjwa, si wewe wala Mwanaasha. Ila vipo vinavyouchokoza: pilipili, kunde na maganda yake, tumbaku yangu, na roho kukosa utulivu.

Mama, wiki niliyougua Mwanaasha alikuwa kwao Mikese. Sikula hata tonge lake. Nilikula kapu lako la pili, huku nikisoma barua yako.

Mwanao, Rehani


Mlali, Mfunguo Nne

Marahaba mwanangu. Nimelia, nimenyamaza, nimelia tena. Sikufichi, wivu upo bado. Nikiwaza mwanamke mwingine anakupoozea uji, naisukuma sahani yangu kando. Lakini wewe uwepo, baba, mengine nitayameza.

Abasi anakuja na kapu, kunde hamna. Mna chungu kidogo, kile nilichokupikia uji ulipoacha ziwa. Dada zako wamekiomba, nimewanyima. Mpe Mwanaasha. Na akishapika aonje yeye kwanza, usije ukaungua.

Mama yenu, Chausiku